Maisha ya Profesa Luigi Broglio na Roketi za Ngomeni

Ndugu msomaji, kabla sijaanza kukusimulia maisha ya Profesa Luigi Broglio, sina budi kukiri kosa langu, maana bila kosa hilo hata jina lake nisingelijua.

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Babu yangu na wazee wenzake walikuwa wamekaa barazani kwetu Kibokoni wakinywa kahawa, na sisi vijana tumesimama kando tukisikiliza. Mazungumzo yakafika kwenye roketi. Babu akasema kwamba roketi zilirushwa hapahapa pwani yetu, huko Ngomeni ukishapita Malindi, na kwamba yeye aliuona moto wake kwa macho yake siku za ujana, alipokuwa baharia wa jahazi lililoleta boriti Mombasa kutoka Lamu. Nikacheka. Wala sikucheka kwa siri. Nilimwambia mbele za watu kwamba roketi zarushwa Marekani na Urusi tu, na alichokiona yeye labda ni kimondo. Vijana wenzangu nao wakaangua kicheko. Babu hakunijibu neno. Aliweka kikombe chake chini, akatwaa bakora yake akaingia ndani. Wiki nzima hakuniita nimsomee gazeti, na hiyo ni kazi yangu tangu macho yake yalipoanza kumsumbua.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa fizikia alicheka sana, lakini aliyechekwa safari hii ni mimi. Akanituma maktabani. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyorudi nayo.

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice nchini Italia. Venice ni mji wa kisiwani uliotajirika kwa biashara ya vyombo vya baharini, kwa hivyo sisi watu wa Mvita tungeuelewa upesi. Alipokuwa bado mdogo jamaa zake walihamia Roma, na huko ndiko alikosomea uhandisi, akapata shahada yake mwaka 1934. Kisha akaingia katika jeshi la anga kama mhandisi, akafanya utafiti wa ndege katika kituo cha Guidonia nje ya Roma. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto na Italia ikasalimu amri mwaka 1943, yeye alijiunga na wale waliowapinga Wajerumani kwa siri. Vita vikesha akarudi chuoni, na mwaka 1952 akafanywa mkuu wa skuli ya uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Roma.

Sasa hapa ndipo penye utamu wake. Bwana huyu alikuwa na swali moja lililomnyima usingizi: hewa yaishia wapi? Mimi kila siku nilidhani kuna mpaka, kama vile ukuta. Chini yake hewa, juu yake hakuna kitu kabisa, na ndege ikivuka tu basi iko angani. Kumbe hakuna mpaka wa namna hiyo. Hewa yaendelea kupungua kidogo kidogo, na hata kilomita 200 juu ya vichwa vyetu, 300 hata 500, bado imo, nyepesi mno, lakini imo. Zile kilomita 100 ambazo watu huzitaja kuwa mwanzo wa anga za juu ni kipimo walichokubaliana wanadamu tu.

Broglio alitaka kuipima hewa hiyo nyepesi. Kwanza alirusha roketi ndogo kutoka kisiwa cha Sardinia. Zilipanda, zikamwaga mvuke wa sodiamu ili upepo wa huko juu uonekane, kisha zikaanguka. Tabu yake ni kwamba kazi yote ilikwisha kwa dakika chache. Akaona hapana, yataka chombo kikae hukohuko juu. Akabuni setilaiti ya ajabu: tufe jepesi kwa nje, na ndani yake kitu kizito, na viwili hivyo vimeshikanishwa kwa mikono inayonyumbuka. Hewa ikiligusa tufe la nje hulisukuma nyuma kidogo sana, lakini kile kizito cha ndani hakiguswi. Ukipima jinsi ile mikono inavyonyumbuka unajua hewa ni kiasi gani. Ni mizani basi, kama ya muuza samaki pale Mlango wa Papa, ila inapima kitu ambacho wengi walidhani hakipo.

Mwaka 1961 serikali ya Italia ilikubali mpango wake, nao ukaitwa San Marco, jina la mtakatifu anayeheshimiwa sana Venice. Mwaka 1962 wakapatana na NASA, shirika la anga la Marekani, kwamba Wamarekani watatoa roketi aina ya Scout na kuwafunza Waitaliano kuirusha. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya San Marco 1, uzito wake kilo 115, ilirushwa kutoka Wallops, Marekani, na walioirusha ni mafundi wa Broglio wenyewe. Watu hupenda kusema ati Italia ilikuwa nchi ya tatu kuwa na setilaiti. Si sawa. Kanada ilikuwa na yake, Alouette 1, tangu 1962. Ila ile ya Kanada ilirushwa na Wamarekani, na hii ya Broglio ilirushwa na mikono ya wenyewe.

Lakini Broglio hakutaka Wallops. Alitaka ikweta.

Na hapa nimsimamie babu kidogo na pia nimkosoe. Wazee wa barazani wana imani kwamba wageni walichagua Ngomeni kwa sababu ikweta iko karibu zaidi na mbingu. Ni kweli dunia imetuna kidogo katikati, kama kilomita 21 hivi ukilinganisha na kwenye ncha, lakini hilo silo lililomleta profesa. Kilichomleta ni mbio. Dunia yajizungusha mara moja kwa siku, na mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, hata akiwa amelala kitandani. Roketi ikielekezwa mashariki inapewa mwendo huo bure. Setilaiti yahitaji kama kilomita 28,000 kwa saa ili ikae juu, kwa hivyo hiyo zawadi si ndogo. Isitoshe, mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, na vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu.

Basi Broglio akaleta majukwaa mawili ya chuma, yenye miguu iliyosimama chini ya bahari, katika ghuba ya Ungwana. Moja liliitwa Santa Rita, ndilo la kuongozea kazi. La pili ni San Marco lenyewe, ambapo roketi ililazwa ndani ya banda refu ikitayarishwa, kisha ikasimamishwa wima saa ya kuondoka. Nyaya za umeme zilipita chini ya maji kutoka jukwaa moja hadi jingine. Roketi ndogo zilianza kurushwa hapo mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya sisi kupata uhuru. Tarehe 26 Aprili 1967 ikapaa San Marco 2 juu ya roketi ya Scout, yenye urefu wa karibu mita 23. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka baharini. Ilikuwa Kenya, ndugu zangu, nami nilisimama barazani nikacheka.

Kabla sijasonga mbele nijibu swali moja ambalo wanachama wenzangu walinibana nalo. Wao wasema kwamba roketi hupanda kwa kuisukuma ardhi kwa moto wake, kama nahodha anavyosukuma ngalawa kwa upondo. Kama ni hivyo, ikifika juu pasipo ardhi itasukuma nini? Hapana. Simama ndani ya mtumbwi mdogo ukitupe kitu kizito kwa nguvu nyuma yako, utaona mtumbwi unakwenda mbele, wala hukugusa chini. Roketi hutupa moshi wake nyuma kwa kasi kubwa, na huko kutupa ndiko kunakoisukuma yenyewe. Hewa haiisaidii hata kidogo, bali huizuia.

Na kwa nini setilaiti haianguki? Wengi wetu tuliandika kwenye mtihani kwamba huko juu hakuna nguvu za mvutano. Mimi pia niliandika hivyo, nikapata sufuri. Panda kiakili juu ya ukuta wa Fort Jesus utupe jiwe upande wa bahari. Litaanguka karibu. Litupe kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali. Sasa tuseme unao mkono wa jini, na hewa haipo ya kulizuia, walitupa kwa zile kilomita 28,000 kwa saa. Litakuwa laanguka, naam, lakini dunia ni mviringo nayo yajikunja chini yake kwa kiasi kilekile, basi jiwe halifiki chini. Laanguka daima. Ndivyo setilaiti ilivyo. Kilomita 500 juu, mvutano wa dunia ungalipo zaidi ya asilimia 80 ya huu tulio nao hapa.

Siku iliyompa Broglio sifa kubwa kuliko zote ni tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo tulikuwa twasherehekea mwaka wa saba wa uhuru, na kutoka jukwaa lile ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kutazama nyota zinazotoa miale ya eksirei. Kwa heshima ya nchi yetu ikapewa jina Uhuru. Mkuu wa mradi huo upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, jambo ambalo wasichana wa shule yetu wameniomba nilitaje, na nimelitaja. Hakuna chombo kabla ya hicho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, kikawasaidia wataalamu kushuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tusidanganyane lakini: Uhuru haikuwa setilaiti ya Kenya. Ilitengenezwa Marekani na kurushwa na Waitaliano, sisi tulitoa jina na bahari. Ya kwanza yetu ilikuja mwaka 2018, ndogo sana, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kikuu kilekile cha Roma alichofundisha Broglio. Ya Taifa-1 ya mwaka 2023 nimewasikia watu wakisema ilirushwa Malindi. Ilirushwa California.

Na Uhuru iko wapi sasa? Ilinyamaza mwaka 1973, ikaendelea kuzunguka kimya, kisha ikarudi ikateketea angani mwezi wa Aprili 1979. Nani aliyeiangusha? Ni hewa ileile nyepesi ya Broglio. Iliikwaruza kidogo kidogo kwa miaka minane hata ikashuka. Mimi naona hapo profesa alipata jibu lake mara mbili.

Kwa jumla setilaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitamani kuleta Scout yenye nguvu zaidi, lakini mpango huo haukufanikiwa, na tangu siku hiyo hakuna setilaiti nyingine iliyopaa kutoka hapo. Alifariki Roma mwezi wa Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha nchi kavu, ambacho bado hupokea mawimbi ya setilaiti, sasa kina jina lake.

Niliporudi kwa babu nilingoja wazee wenzake waondoke. Nikambusu mkono, nikamwomba radhi, nikamsomea yote haya kutoka daftari langu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ni katika zile alizoziona yeye ndimo walimopanda wale watu waliokwenda mwezini. Moyo ulinidunda. Ilinibidi nimwambie la, wale waliondoka Florida mwaka 1969, na kutoka Ngomeni hakuna mtu aliyewahi kupanda. Nilidhani atakasirika tena. Alinyamaza kidogo, akauliza ile miguu ya chuma ingali baharini au imeng'olewa. Nikamwambia ingalipo. Ataka nimpeleke akaione kabla macho hayajamwisha kabisa. Nauli ya watu wawili hadi Malindi, na kutoka Malindi hadi Ngomeni, bado sijaikamilisha.