Bramah, Bomba Lake na Ujira wa Fundi

Nionapo kaunta ya mbao yenye bomba la kumiminia bia, mimi hugeuza uso na kupita. Kinywaji hicho ni haramu kwetu, wala sina nia ya kukitetea. Lakini nimelelewa katika nyumba ya useremala, na siku moja nilijiuliza ni fundi gani aliyeanza kufikiri jambo lile. Nilipomtafuta nilikuta kisa chenye mafunzo.

Joseph Bramah alizaliwa mwaka 1748 huko Stainborough, Yorkshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, naye angalifuata jembe lau si kuumia mguu katika ujana wake. Basi akatiwa uanagenzini kwa seremala. Alipohitimu alikwenda London, akawa akiweka vyoo vya kuvuta maji katika nyumba za watu. Aliziona kasoro zake, akavirekebisha, na mwaka 1778 serikali ikampa hati ya kuumiliki uvumbuzi wake.

Tangu hapo mikono yake haikutulia. Mwaka 1784 alibuni kufuli, na baadaye akaliweka moja katika dirisha la duka lake, mtaa wa Piccadilly, akiahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ya ufunguo. Lilishinda watu hadi mwaka 1851, alipolifungua Mmarekani A. C. Hobbs, tena kwa kazi ya saa 51. Mwaka 1795 Bramah alitoa mtambo wa kushindilia kwa nguvu ya maji: ukisukuma kidogo katika mrija mwembamba, nguvu kubwa hutokea katika ule mpana. Jeki ya mafuta inyanyuayo malori katika gereji zetu ni ya ukoo huo huo.

Kisha likaja lile bomba. Zamani mtumishi wa kilabu alishuka ngazi na jagi mkononi, akajaza penye mapipa chini, akapanda tena. Mwaka 1797 Bramah alipata hati ya mtambo wa kuipandisha pombe kutoka mapipa ya chini hadi kwenye kaunta.

Sasa msomaji tazama mwaka huo. Katika karakana yake alikuwapo kijana Henry Maudslay, aliyeingia mwaka 1789 akiwa na miaka 18. Huyu alitengeneza mashine za kuchongea vipande vya kufuli, na ndiye atajwaye kuwa alizuia maji yasivuje katika mtambo ule mkubwa kwa pete ya ngozi. Mwaka 1797, akiwa na mke na watoto, aliomba aongezwe mshahara wake wa shilingi 30 kwa wiki. Bramah akakataa. Maudslay akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe, na mashine zake za kukerezea chuma zikabadili ufundi duniani.

Bramah alifariki Desemba 1814, baada ya kupata baridi akisimamia mtambo wake ukingʼoa miti huko Hampshire. Alifanya kazi hadi mwisho, na kwa hilo anastahili heshima.

Lakini sisi tumeusiwa tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Bramah alijua kuzuia maji, wezi na pombe visipite mahali pasipotakiwa. Fundi wake bora alimwacha apite mlangoni kwa ajili ya shilingi chache. Wenye karakana na tuyakumbuke hayo kila Jumamosi ya malipo.