Maisha ya Fannie Farmer, mwalimu wa wapishi

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma maisha ya wahubiri, wafalme na watu wa vita. Leo ninawaletea mtu wa jikoni. Musicheke kwanza, fuateni paka mwisho.

Fannie Merritt Farmer alizaliwa tarehe 23 Machi 1857 kule Boston, Marekani, akakomalia Medford, mji wa karibu. Baba yake alikuwa mchapaji wa vitabu. Walikuwa mabinti wane, na yeye ndiye mkubwa. Wazazi walitaka wasichana wao wasome sana, jambo ambalo wazazi wengi wa siku zile hawakulijali hata kidogo.

Alipokuwa na miaka 16, akiwa bado masomoni, ugonjwa wa kupooza ukamwangusha. Akalala kitandani, miaka ikapita bila kutembea. Shule ya sekondari hakuimaliza tena. Sisi wa kalasi ya sita, tunaohesabu siku za egzame ya Serikali, tunaweza kuelewa vile moyo wake ulikuwa. Mwishowe akasimama, lakini akachechemea maisha yake yote. Hapo nyumbani akaanza kupika, na mama yake akapokea wapangaji. Wapangaji wakasifu chakula sana.

Mwaka 1888, mtu mzima wa miaka 31, akaingia tena shuleni: Shule ya Upishi ya Boston, iliyoanzishwa na wamama wa mji ule mwaka 1879. Alimaliza mwaka 1889, wakamweka msaidizi, na kisha miaka michache akawa mkuu wa shule. Kumbe aliyekosa dipolomi ya sekondari njo aliyekuwa sasa anawatolea wengine.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya vitabu vya upishi vya Wamarekani. Cha kwanza kilichoandikwa na Mmarekani kilichapwa Hartford mwaka 1796 na Amelia Simmons, msichana yatima. Ndani yake kulikuwa na vyakula vya unga wa mahindi, kwa sababu mahindi ni ya kule tangu zamani. Kwetu yalifika kutoka kwao. Lakini katika vitabu vingi vya zamani, vipimo vilikuwa vya kukisia tu: siagi ukubwa wa yai, chumvi kidogo, unga wa kutosha. Anayejua kupika tayari anaelewa. Asiyejua anaharibu chakula, halafu wanasema ni mjinga.

Fannie alikataa ile namna. Mwaka 1896 akatoa kitabu chake cha Shule ya Upishi ya Boston. Humo anafundisha kwamba kikombe ni kimoja, cha nusu painti, ambacho kwa vipimo vyetu ni karibu mililita 237. Unga unachekechwa kwanza. Kijiko kinajazwa, kisha unapitisha kisu juu yake paka kiwe sawasawa, pasipo kilima. Ukitaka nusu ya kijiko, unakata kwa kisu kufuata urefu wa kijiko, unaondoa upande mmoja. Mimi kapita wenu, ninayesimama kila mchana karibu na sufuria ya maharagwe, ninajua magomvi ya upawa wenye kilima na upawa usio na kilima. Huyu mama angetusaidia!

Na maharagwe anayo pia. Boston ni mji wa maharagwe. Wazee wao Waprotestanti hawakupenda kupika siku ya Bwana, basi yalipikwa Jumamosi. Fannie anasema uyaloweshe usiku kucha, utie nyama ya nguruwe yenye chumvi, kijiko kimoja cha molasi na vitatu vya sukari, halafu uyaache katika furu yenye moto mdogo saa sita mpaka nane. Nguruwe na sukari katika maharagwe, mimi sijui nitasema nini. Labda ni tamu.

Tuseme kweli, hakuwa wa kwanza kupima. Mary Lincoln, aliyetangulia katika uongozi wa shule ileile, alikuwa ametoa kitabu chake mwaka 1884, na Fannie alichukua mengi kwake. Lakini Fannie ndiye aliyeshika kipimo kama sheria, bila kuhurumia mtu.

Wachapaji hawakumwamini. Walikubali nakala 3 000 tu, tena kwa garama yake mwenyewe. Basi kitabu kikabaki mali yake, na kilipouzika, faida ikawa yake pia. Kikachapwa tena na tena.

Mwaka 1902 akafungua shule yake mwenyewe. Akaandika katika gazeti la wamama pamoja na dada yake Cora. Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa chakula cha wagonjwa, na mwaka 1904 akatoa kitabu juu yake. Alikuwa amelala kitandani miaka, alijua sahani mbaya inamfanya nini mgonjwa. Akaitwa kufundisha hata katika shule ya waganga ya Harvard, mahali ambapo wanawake hawakupokelewa kama wanafunzi paka 1945. Elliott Joslin, munganga mkubwa wa ugonjwa wa sukari, alishuhudia kwamba Fannie ndiye aliyemsukuma kuandika juu ya ugonjwa ule.

Miguu ikamwacha tena. Miaka ya mwisho akafundisha akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, watu wamejaa mbele yake na kalamu zao. Alikufa Boston tarehe 15 Januari 1915, na miaka 57. Siku kumi mbele ya kufa alikuwa bado anafundisha.