Robert Serumaga: Mtunzi Aliyeyaacha Maneno

Robert Serumaga alizaliwa Buganda, Uganda, mwaka 1939 na kufariki Nairobi mwezi Septemba 1980, akiwa uhamishoni. Wasomaji wengi humjua kwa riwaya yake Return to the Shadows ya mwaka 1969. Hata hivyo, mchango wake mkubwa zaidi haumo katika riwaya hiyo. Umo katika ngoma za jadi alizozipandisha jukwaani zikawa lugha ya tamthilia, si pambo lake.

Alisomea uchumi Trinity College, Dublin, akafanya kazi ya utangazaji BBC mjini London, kisha akarejea nyumbani mwaka 1966. Tamthilia zake za mwanzo, A Play na The Elephants, ziliandikwa kwa Kiingereza na zina athari ya wazi ya ubwege. Hadhira yake ilikuwa ya wasomi wachache wa Kampala. Katika Majangwa ya mwaka 1971 anaonekana akianza kugeuka: wahusika wake wakuu ni mpiga ngoma na mkewe, wasanii waliowahi kupendwa na umma kabla ya kuporomoka hadi kufanya aibu hadharani ili wapate riziki.

Mwaka huohuo Idi Amin alitwaa mamlaka. Ni katika miaka hiyo ya hofu ambapo Serumaga aliunda kundi la Abafumi, jina lenye maana ya wasimulizi wa hadithi (msomaji wa Kiswahili asilichanganye na wafumaji). Alikusanya vijana, akawafunza kwa mazoezi makali ya mwili na sauti pamoja na ngoma za jamii mbalimbali za Uganda. Wakati huo vikundi vya ngoma vya kitaifa katika nchi zetu vilikuwa na desturi ya kuonyesha ngoma moja baada ya nyingine, kila kabila na zamu yake, mgeni akapiga makofi na kwenda zake. Serumaga hakuridhika na gwaride la namna hiyo. Alitaka ngoma ibebe msuko.

Renga Moi, iliyoonyeshwa mwaka 1972, ilijengwa juu ya hadithi ya Waacholi. Shujaa amezaliwa watoto pacha, na miviga ya uzazi wao inamkataza kumwaga damu. Lakini adui amekivamia kijiji. Akibaki, kijiji kitaangamia. Akienda, atakuwa amevunja mwiko, na watakaolipa ni wanawe. Mgogoro huo ulisimuliwa kwa nyimbo, miondoko, ngoma na lugha kadhaa za Uganda kwa pamoja. Mkazi wa Kiamaiko, mtaa wa Eastlands ambako Kiborana, Kigikuyu na Kiswahili husikika katika soko moja la mbuzi, asingeshangazwa na mchanganyiko huo, wala asingehitaji mkalimani. Hadhira ya London nayo ilikiona kitu hicho mwaka 1975, kundi lilipocheza katika ukumbi wa Aldwych.

Amayirikiti ya mwaka 1974, iliyopewa jina la miti yenye maua mekundu kama moto, ilikwenda mbali zaidi: mazungumzo yaliondolewa karibu yote, ikabaki miili ikisimulia mauaji. Neno lingeweza kunukuliwa na mpelelezi. Mtetemo wa bega je? Hatari ilikuwa ya kweli. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwelekezi wa Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, alitekwa na kuuawa baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos.

Wapo wanaolalamika kwamba Abafumi walizuru ughaibuni mno, na kwamba wananchi wa vijijini, wenye ngoma zile, hawakuwaona vya kutosha. Lalamiko hilo lina uzito. Lakini ni vigumu kumlaumu msanii kwa kuwa mbali na nchi ambamo wenzake walikuwa wakiuawa.

Mwaka 1979 alijiunga na harakati za kumwondoa Amin, akawa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo ilidumu kama siku sitini na nane tu. Serumaga alirudi uhamishoni, na mwaka uliofuata akafia Nairobi akiwa na umri wa miaka kama 41. A Play na Majangwa zilichapishwa na zinasomeka hadi leo. Renga Moi haikuchapishwa katika uhai wake. Ilibaki katika miili ya vijana walioicheza.