Rudolf Diesel: Maisha yake yanafumbua fumbo la moshi mweupe wa pikapu

Wenye pikapu wanaobeba tumbaku kutoka Urambo, asali kutoka Sikonge na karanga kutoka Nzega hulitaja jina la Rudolf Diesel kila wanapofika kituo cha mafuta, ingawa wengi hawajui kuwa ni jina la mtu.

Alizaliwa Paris Machi 18, 1858, na wazazi wenye asili ya Bavaria. Vita ya Ufaransa na Prussia ilipozuka mwaka 1870, familia ililazimika kukimbilia London, naye akapelekwa kwa ndugu huko Augsburg, Ujerumani. Baadaye alisoma uhandisi Munich chini ya Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya barafu. Huko alijifunza kuwa injini za mvuke zilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa.

Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikibanwa sana hupata joto kali, na mafuta yakinyunyiziwa humo huwaka yenyewe bila cheche. Alipata hataza Februari 1893. Agosti mwaka huo injini ya majaribio ililipuka huko Augsburg na nusura imuue. Hakukata tamaa. Februari 1897 injini yake iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati huo hazikukifikia.

Wazo hilo ndilo linaloeleza moshi mweupe. Joto la hewa iliyobanwa lisipotosha, dizeli haiungui, bali hutoka kwenye ekzosi kama ukungu mweupe wenye harufu ya dizeli na unaowasha macho. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai mjini Tabora, moshi kidogo unaokwisha baada ya dakika chache si ugonjwa. Ukiendelea, uchunguzi uanze na vitu vya bei nafuu: hita plagi, kisha chujio la dizeli, ambalo hutakiwa kumwagwa maji yaliyojikusanya. Hapo ndipo fundi apime nozeli na majira ya pampu. Ringi na valvu zipimwe mwisho, kwa kipimo cha mgandamizo na si kwa kukisia.

Moshi mweupe usio na harufu ya dizeli, huku maji ya rejeta yakipungua, ni jambo jingine. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi ina ufa. Mapovu kwenye rejeta na oili yenye rangi ya chai ya maziwa huthibitisha hofu hiyo. Gari lizimwe na lisiendeshwe: maji hayabaniki kama hewa, na yanaweza kukunja koni rodi. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kabla injini haijapoa. Mkulima anayeahirisha gasketi moja anaweza kuishia kununua injini nzima katikati ya msimu wa mavuno.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Miaka 47 baadaye Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakitafuta mafuta ya kula, nao ukashindwa. Injini za sasa zisijaribiwe kwa mafuta ghafi ya karanga, kwani ni mazito na huziba nozeli.

Diesel aliijua hasara ya joto, lakini hasara ya fedha ilimshinda. Uwekezaji mbaya na kesi za hataza vilimaliza utajiri wake. Usiku wa Septemba 29, 1913, akisafiri kwa meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, alitoweka. Mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 55, na aliiachia familia madeni.

Wakati huo reli ilikuwa imefika Tabora mwaka mmoja tu uliopita, na ilifika Kigoma mwaka 1914. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyotegemea mabega ya wapagazi, ikaanza kufifia. Leo mzigo uko juu ya injini ya Diesel, na mwenye pikapu anatakiwa kuwa na daftari: maji yaliyoongezwa, oili iliyobadilishwa na siku moshi ulipoanza. Fundi mwenye taarifa hizo hakisii, na mteja wake halipii kisichoharibika.