Fanny Hensel: Mtunzi Aliyefunikwa na Jina la Mdogo Wake

Kila Krismasi tunaimba ule wimbo wa Charles Wesley kuhusu malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa Kristo. Tuni yake inatokana na kazi ya Mjerumani Felix Mendelssohn, na wengi wetu tumelisikia jina hilo. Wachache wanajua kwamba Felix alikuwa na dada mkubwa, mpiga piano hodari na mtunzi, ambaye kazi zake nyingi zilikaa zaidi ya miaka 100 bila kujulikana.

Fanny Mendelssohn alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1805, akakulia Berlin. Mama yake ndiye aliyemwanzisha kwenye piano. Alipokuwa na miaka 13 alimpigia baba yake preludi 24 za Bach kwa kichwa, bila karatasi. Yeye na Felix walifundishwa na mwalimu mmoja, Carl Friedrich Zelter, na mwaka 1820 wote wawili wakaingia katika kwaya yake, Sing-Akademie ya Berlin.

Mwaka huohuo njia zao ziligawanyika. Baba yao, tajiri mwenye benki, alimwandikia Fanny kwamba muziki huenda ukawa kazi ya Felix, lakini kwake yeye ubaki kuwa pambo tu. Katika jamaa za hadhi yao, haikufaa binti achapishe muziki au apige piano mbele ya umma kwa malipo. Felix akasafiri Ulaya akipigiwa makofi. Fanny akabaki nyumbani, lakini kalamu hakuiweka chini.

Baadhi ya nyimbo zake zilichapishwa, ila kwa jina la Felix. Sita kati yake zimo katika vitabu vyake viwili vya kwanza vya nyimbo. Mwaka 1842 Felix alialikwa na Malkia Victoria wa Uingereza. Malkia akachagua wimbo alioupenda kutoka katika kimoja cha vitabu hivyo, akauimba. Ikambidi Felix akiri kwamba wimbo ule ni wa dada yake.

Mwaka 1829 Fanny aliolewa na mchoraji Wilhelm Hensel. Felix alikuwa London, ameumia mguu, na muziki wa kinanda aliouahidi haukufika. Usiku wa kuamkia harusi, bibi harusi akaketi akatunga wake mwenyewe. Mumewe hakumzuia, bali alimtia moyo aandike na achapishe. Nyumbani kwao Fanny aliandaa matamasha ya Jumapili, akakusanya kwaya, akaifundisha na kuiongoza mwenyewe. Mwaka 1841 alitunga vipande vya piano vya miezi yote 12. Katika Machi aliweka tuni ya kale ya Pasaka, na katika Desemba tuni ya Krismasi ya Martin Luther.

Hatimaye mwaka 1846, akiwa na miaka 40, alichapisha kitabu cha nyimbo kwa jina lake. Hakungoja ruhusa ya Felix, ingawa baadaye Felix alimtumia baraka zake. Haukupita mwaka. Tarehe 14 Mei 1847, akiwa kwenye piano katika mazoezi ya kwaya yake kwa ajili ya tamasha la Jumapili, mikono yake ilikufa ganzi. Kiharusi kikamchukua siku hiyohiyo. Alikuwa na miaka 41. Felix alimfuata mwezi wa Novemba, na wamezikwa karibu karibu huko Berlin.

Aliacha kazi zaidi ya 450, nyingi zikiwa bado mwandiko wa mkono. Mojawapo ni Sonata ya Pasaka aliyoitunga mwaka 1828. Mwandiko wake ulipopatikana Ufaransa mwaka 1970, juu yake palikuwa na herufi F na jina Mendelssohn. Watu wakasema ni Felix, na ikarekodiwa hivyo. Mwaka 2010 mtafiti Angela Mace aliuchunguza. Mwandiko ulikuwa wa Fanny, na nambari za kurasa zilijaza pengo katika daftari lake. Kurasa zilikuwa zimekatwa kutoka kwake.

Wapendwa, tunapofurahia jubilii hii, tufungue mafaili yetu. Humo mna karatasi za solfa zisizo na jina la mtunzi. Baadhi ya nyimbo hizo zilitungwa na mama zetu waliozifundisha kwa mdomo, na wanaokumbuka nani alitunga upi wanazidi kupungua. Felix mwenyewe alikuwepo kumweleza Malkia ukweli. Nyimbo zetu nazo zinahitaji mtu wa kuzisemea angali hai. Ukijua mtunzi wa wimbo wowote, tafadhali fika kwenye meza ya katibu baada ya ibada, tuliandike jina lake juu ya karatasi.