Edward Saidi Tingatinga

Wazee wengi wa Kasulu na Kibondo wanalifahamu neno manamba. Tangu mwaka 1944 wakala wa SILABU walikuja huku Buha kuandika vijana, wakawapeleka kwa lori na kwa garimoshi hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine walirudi na kifua kibovu, na wengine hawakuonekana tena. Karibu kila nyumba hapa petu ina babu aliyekata mkonge.

Basi, ndugu wasomaji, mtu ninayetaka kuwasimulia mwezi huu alipita katika mashamba hayohayo, ingawa yeye alitoka kusini. Ni Edward Saidi Tingatinga, mchoraji. Watoto wakisikia jina hilo hufikiri ile mashine ya kulimia na kutengeneza barabara, lakini hilo lilikuwa jina la ukoo wake. Siku hizi jina hilo ni pia la aina nzima ya picha zinazouzwa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, hata Ulaya na Ujapani.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilaya ya Tunduru, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mama alikuwa Mkristo na baba Mwislamu, na ndiyo sababu mtoto akabeba Edward na Saidi pamoja. Shule aliyoipata ilikuwa kidogo. Mwaka 1955 aliondoka kwao akaenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, na mwaka 1959 akahamia Dar es Salaam, akafikia kwa ndugu yake huko Msasani. Huyo ndugu alikuwa mpishi, akamsaidia kupata kazi ya bustani na ya nyumbani kwa Mwingereza mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni.

Kwa mtu aliyetoka kwenye mkonge, kazi hiyo ilikuwa nafuu kubwa: mshahara wa kila mwezi, kivuli, chakula cha uhakika. Kisha tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Sote tunaiadhimisha siku hiyo, na ni haki yetu. Lakini tukumbuke kwamba Waingereza walipofunga mizigo, wapishi wao, madobi wao na watunza bustani wao walibaki barazani bila kazi. Edward alikuwa mmoja wao. Hakufukuzwa kwa kosa, wala hakulewa, wala hakuiba. Mwajiri aliondoka, na kazi ikaondoka naye.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa maana katika mtaa wetu wako waliowahi kupewa barua ya kupunguzwa kazini, wakaja nyumbani wakakaa kimya siku nyingi wakiona haya hata kwenda sokoni. Miaka iliyofuata Edward aliishi kwa vibarua na shughuli ndogondogo, leo hiki, kesho kile. Alikuwa pia mpiga muziki, na muziki ulimpa jina mtaani kuliko fedha. Miaka hiyo ya katikati huwa tunaipita haraka tukisimulia maisha ya watu mashuhuri. Kwake yeye ilikuwa kama miaka saba, na kila mwezi wa miaka hiyo ulikuwa na kodi ya chumba na unga wa kununua.

Mwaka 1968 alianza kuchora picha za kuuza. Wakati huo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mjini Dar es Salaam, na wageni walizinunua. Edward hakuwahi kusomea uchoraji, na turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali. Akatafuta vitu vilivyokuwa madukani kwa bei ya mtu wa kawaida: hadibodi, yaani zile mbao nyembamba za kupigilia dari, na rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina ile wanayopakia baiskeli. Alikata ubao mraba, kama futi mbili kwa futi mbili. Kwanza alipaka rangi moja ubao wote, halafu juu yake akamweka mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, mkubwa, akijaza ubao karibu wote, mwenye macho ya kukutazama. Tena alipenda madoa. Chui wake ana madoa mengi yaliyopangwa kwa uangalifu kama ushanga.

Wenye elimu ya sanaa mara nyingine husema picha hizo ni za kitoto. Mimi sikubaliani nao. Jaribuni kuchora chui kwa rangi ya baiskeli, ambayo ukikosea haifutiki, mtaona kama ni kazi ya mtoto.

Pa kuuzia palikuwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oyster Bay, ambako mabalozi na wataalamu wa kigeni walinunua mahitaji yao. Edward aliketi chini ya mti na picha zake, na mgeni akitoka na kikapu cha mboga alikutana na chui. Alipooa, mkewe Agatha alikuwa akikaa pale kuuza, kwa sababu Edward alikuwa amepata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Ndiyo, alirudi kwenye mshahara. Asubuhi alihudumia wagonjwa, na baada ya kazi alishika brashi. Wako watakaosema kwamba hakujiamini. Mimi naona ni mtu aliyekwisha kupoteza kazi mara moja, sasa ana mke na watoto wawili wadogo, naye hakutaka ugali wao utegemee mnunuzi mmoja tu.

Picha zikaanza kutakiwa kuliko mkono mmoja ungeweza kuchora. Kampuni ya serikali iliyouza kazi za sanaa nayo ikaanza kuzichukua. Edward akawaita vijana wa jamaa yake na wa kutoka kwao kusini, akina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe na Kaspar Tedo, akawafundisha palepale barazani. Hakuna aliyelipa ada. Kijana alianza kwa kupaka rangi ya chini, kisha kujaza madoa, mpaka siku aliyoweza kuchora mnyama wake mwenyewe.

Mwaka 1972, usiku, polisi wa Dar es Salaam walikuwa wakifukuza wahalifu. Gari alilokuwamo Edward lilidhaniwa kuwa ni la wahalifu hao, likapigwa risasi, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Agatha alibaki na watoto. Wale vijana nao wangeweza kutawanyika, kila mtu akatafute kibarua chake, kwa maana mwalimu hayupo na jina lililouza picha lilikuwa lake. Hawakutawanyika. Walirudi chini ya mti ule ule wakaendelea kuchora pamoja, wakawafundisha ndugu zao, na hao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 chama chao kikawa ushirika kamili. Karakana yao iko Oyster Bay, karibu na pale alipokuwa akiketi Agatha na picha za mumewe.