Gustave Le Gray: mtu aliyepatanisha anga na bahari

Wasomaji wenzangu, katika jarida letu tumezoea kusimuliana maisha ya waandishi na wanaisimu. Safari hii naomba nafasi nisimulie maisha ya mpiga picha, Gustave Le Gray, kwa sababu yeyote anayepiga picha za pwani, hata kwa simu ya mkononi, bado anapambana na jambo lilelile lililomsumbua yeye.

Le Gray alizaliwa mwaka 1820 huko Villiers-le-Bel, karibu na Paris. Kwanza aliwekwa kazi ya ukarani kwa mthibitishaji wa hati, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uchoraji. Akaingia katika karakana ya mchoraji Paul Delaroche, kisha akaenda Italia, akaoa huko. Aliporudi Paris upigaji picha ulikuwa bado mchanga, naye akauingia kwa nguvu zote. Mwaka 1851 alitangaza njia ya kupaka karatasi nta kabla ya kuitia dawa, ili mpiga picha aweze kuiandaa mapema na kusafiri nayo. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa wapiga picha 5 waliotumwa na serikali kupiga picha za majengo ya kale ya Ufaransa. Alikuwa pia mwalimu, na wengi waliosifika baadaye walijifunza kwake.

Lakini jina lake linakumbukwa hasa kwa bahari. Kati ya 1856 na 1858 alipiga picha pwani ya Normandie, kisha Sète kwenye Bahari ya Mediterania, kisha Brest. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Kioo kilipakwa kolodioni na dawa ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kikiwa bado kibichi na kusafishwa kabla hakijakauka, kwa hiyo chumba cha giza kilibidi kiwe karibu. Tena dawa zile ziliona zaidi rangi ya buluu. Ukisubiri bahari na miamba itokee vizuri, anga inaungua na kubaki nyeupe tupu. Ukiwahi ili mawingu yabaki, nchi yote inakuwa giza.

Le Gray alitumia mbinu mbili. Ya kwanza ni kugeuza kamera upande wa jua. Jua likiwa nyuma ya wingu, maji yanameta, na mng'ao huo ulimpa mwanga wa kutosha kufungua kamera kwa muda mfupi sana, hata wimbi likakamatwa likiwa bado linavunjika. Merikebu na miamba zilibaki vivuli vyeusi vyenye umbo wazi. Picha yake ya merikebu ya mwaka 1856 iliaminika na wengi kuwa ya usiku wa mbalamwezi, kumbe aliipiga mchana.

Mbinu ya pili ndiyo iliyozua ubishi. Katika picha kadhaa, mojawapo ikiwa ile ya wimbi kubwa la Sète ya mwaka 1857, alichukua negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, akazichapa kwenye karatasi moja na kuziunganisha pale ambapo maji na anga hukutana. Mawingu mamoja aliweza kuyatumia juu ya bahari zaidi ya moja. Je, huo si uongo?

Nimelifikiria swali hili kama mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Kwa Kiswahili mstari ule tunauita upeo wa macho. Haumo baharini wala angani. Ni mwisho wa uwezo wa jicho, na jicho la mtu huona mawimbi na mawingu kwa pamoja. Kioo cha Le Gray hakikuweza, naye akakisaidia. Isitoshe, kuunganisha kulikuwa na sheria yake, kama upatanisho wa kisarufi. Huwezi kusema kitabu wameanguka. Vivyo hivyo, mwanga wa mawingu ukitoka kushoto na mng'ao wa maji ukitoka kulia, jicho linakataa sentensi hiyo. Simu nyingi za leo huunganisha zenyewe picha kadhaa za mwanga tofauti. Sisi tunaopiga picha Kalemie, kando ya Tanganyika, tunaitumia mbinu hiyo bila kumjua mzee wake. Hata hivyo simu haituchagulii saa, wala haituambii tusimame upande gani wa jua.

Sifa haikumlipia madeni. Studio yake kubwa ya boulevard des Capucines ilianguka, na mwaka 1860 akaondoka Ufaransa kwa meli pamoja na mwandishi Alexandre Dumas, akiacha mke na watoto. Huko Palermo alipiga picha ya Garibaldi. Kisha wakagombana, na Dumas akamshusha Malta. Akapitia Lebanoni hadi Misri, akafundisha kuchora mjini Cairo, na humo akafa mwaka 1884. Ufaransa hakurudi tena.

Mwaka 1999 picha ya wimbi la Sète iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 500,000, bei ambayo hakuna picha nyingine ya kamera iliyokuwa imeifikia mnadani. Fedha hizo hazikumfaa yeye wala wale aliowaacha Paris. Nawashauri wenzangu mtafute nakala ya picha hiyo na kuitazama polepole: mtazame kwanza mwanga unatoka wapi, kisha mtafute kiungo. Nami nimeutafuta mara nyingi.